Kilomita elfu moja kwenye kisiwa wanachosema hakina mlima

Nianze na namba kabisa maana najua ndo mtakayoniuliza mwanzo: 987. Nilitaka 1,000, nimepata 987, mwaka mzima wa 2024 kuanzia tarehe 1 Januari mpaka jua la tarehe 31 Disemba linazama Wete, kwetu Pemba, na zote hizo ni kilomita za miguu za vilimani, za kutoka asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo, sio za sokoni, sio za kutoka nyumbani kwenda skuli ninakosomesha, sio za kumfata mtoto madrasa. Ningezitia na hizo ningepindukia elfu huko mwezi wa tisa. Sikuzitia, na kwanini sikuzitia ntawaambia.

Jambo lenyewe lilianza kwa somo yangu, rafiki yangu. Tulikuwa chuo cha ualimu pamoja, yeye akaolewa Moshi, mie nikarudi kwetu Pemba, na usomo wetu ukabaki wa simu. Kila akipata nafasi mwisho wa wiki anapanda Kilimanjaro kutoka lango la Marangu mpaka kambi ya Mandara, kilomita 8 ndani ya msitu, mpaka mita 2,720 kutoka usawa wa bahari, anakunywa chai yake ya chupa pale, anashuka, magharibi yuko kwake anapika. Hafiki kileleni wala hakutafuti. Usiku wa kuamkia mwaka mpya akanitumia sauti WhatsApp, "somo, mwaka huu natafuta kilomita elfu za mlimani, njoo tutafute pamoja." Nikamjibu mie nimo. Akakaa kidogo halafu akaandika: "Lakini Pemba si hakuna mlima?"

Neno lile lilinikaa. Maana mie nimezaliwa humu na magoti yangu yanajua. Ni kweli hatuna kilele, vilima vyetu vikubwa ni vya mita mia na kitu tu, na Kilimanjaro ni 5,895, hapo hapana mashindano. Lakini Pemba haijalala. Pemba ni kilima, halafu bonde la mpunga, halafu kijito, halafu kilima tena, hivyo hivyo tangu Mkoani mpaka Konde, na maji ya hayo mabonde ndo yanayoifanya iwe vile ilivyo mpaka Waarabu wa zamani wakaiita Jaziratul Khadhra, Kisiwa cha Kijani. Ukipita njia za mashamba hupati pahala pa kutembea dakika kumi mguu umenyooka, ama unapanda ama unashuka, na udongo wetu mwekundu ukirowa unateleza kama umepakwa mafuta. Mtu anayesema Pemba hakuna mlima kapita na gari barabara kuu.

Basi tukawekeana masharti. Safari iwe ya kupanda, urudi unapolala siku ile ile, na namba iandikwe daftarini usiku ule ule kabla ya kulala, ukisahau mpaka asubuhi imepotea. Sharti la sokoni nililishikilia mie. Najua nafsi inavyokwenda, leo ukiipa kilomita moja ya dukani kesho itataka na ya kwenda kumuona mgonjwa, mwisho wa mwaka una elfu yako mkononi na hujakwenda pahala popote ambapo usingekwenda. Na mie nilichokuwa nakitaka ni hicho hasa, kwenda pahala ambapo nisingekwenda. Nina miaka 38, nimekaa Wete maisha yangu yote ukitoa miaka ya chuo, na kulikuwa na mabonde nusu saa kutoka kwetu sijawahi kuyatia mguu.

Elfu moja kwa wiki 52 ni kilomita 19 na kidogo kwa wiki. Ukiisema haraka ni rahisi. Jumamosi moja nzima, au Jumamosi nusu na Jumapili nusu, na wiki ukiikosa haisamehewi, inakwenda kukaa juu ya wiki inayofuata.

Januari nilipata 91. Njia zangu za mwanzo zilikuwa za karibu, naondoka baada ya sala ya alfajiri na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na saba, mie na baibui langu na raba, begani maji lita mbili, tende, na boflo lililopakwa karanga. Tunafata njia kongwe ya Chake kidogo, ile inayopinda pinda kwenye mikarafuu, halafu tunaiacha tunaingia vichochoro vya mashamba. Watu wanauliza. Hilo mjue, mwanamke akipita shambani asubuhi bila ya jembe, bila ya mzigo, bila ya msiba, lazima aulizwe. "Mwalimu, kwema huko?" Kwema. "Mwatafuta nini?" Mwanzo nilikuwa najibu tunatembea tu na naona jibu halitoshi, mtu anabaki ananitizama mpaka napotea bondeni. Baadae nikawa nasema kweli yote, kwamba nina hesabu yangu ya mwaka na leo natafuta kumi na mbili, na hapo pakabadilika kabisa, watu wakawa wananisaidia. Mzee mmoja akaniambia usipite huku huku pafupi, pita kule kwenye mkondo utapata kilima kizuri zaidi. Mwengine akanipa dafu akasema ukifika nusu uje unambie. Na nusu nilipofika nilikwenda nikamwambia.

Halafu kuna hii hesabu ya Naismith, ambayo ilinipa moyo sana na nataka na nyie muijue. William Naismith alikuwa Mskochi, mpanda milima, na mwaka 1892 alitoa kanuni rahisi ya kukadiria safari ya mlimani: hesabu saa moja kwa kila maili 3 unazotembea, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 unazopanda. Kwa vipimo vyetu vya sasa watu wanasema kilomita 5 kwa saa na mita 600 za kupanda kwa saa. Sasa chukua safari ya somo yangu, Marangu mpaka Mandara, kilomita 8 na kupanda mita 800 na kitu, inakuja kama saa tatu. Chukua safari yangu ya kawaida ya Jumamosi, kilomita 16, kilima hiki mita 40, kile 35, kile 50, shuka panda shuka panda, ukijumlisha siku nzima unakuta 430. Inakuja karibu saa nne. Mlima wangu umekatwa vipande vipande ukatawanywa kisiwa kizima, lakini pumzi inayotoka ni ile ile. Nilimpigia somo usiku ule ule nikamsomea hesabu. Akacheka akasema haya mwalimu, nimekubali.

(Simu nayo msiiamini kwa kila kitu. Umbali inapima vizuri kiasi, ila kwenye mikarafuu iliyofungana GPS inaruka ruka, na kupanda ndo inakosea zaidi, siku moja ufukwe wa Vumawimbi, mchanga mtupu tambarare, iliniambia nimepanda mita 61. Tangu siku ile ufukweni kupanda sihesabu.)

Siku hiyo ya Vumawimbi lazima niielezee vizuri kwasababu ndo iliyonipeleka mbali.

Ilikuwa Februari. Tulishuka na gari mpaka Konde, tukasogea mpaka lango la msitu wa Ngezi na kutoka pale tukatembea, tukipitia ufukwe wa Vumawimbi, kusudio letu Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, ncha kabisa ya kaskazini magharibi ya kisiwa. Kwenda na kurudi karibu kilomita 20. Usiku kulikuwa kumenyesha mvua kubwa isiyokuwa na msimu, msitu bado unadondosha, na mle Ngezi ukiingia asubuhi ni kama umeingia nyumba ya watu wazima, unashusha sauti mwenyewe. Miti mirefu sana, na chini yake kile kimti chetu cha mpapindi, mpopo mwitu ambao asili yake ni hapa hapa Pemba. Ukitoka msituni unafungukiwa na anga, mashamba, minazi, halafu bahari huku na bahari huku.

Mnara ule ni wa chuma, wa mwaka 1900, wakati wa Waingereza. Mzee aliyekuwepo alituruhusu kupanda, ngazi zake zinazunguka ndani kama kamba iliyosokotwa, mkono unanuka kutu. Tukatoka juu, upepo wa kaskazi unapiga mtandio wangu mpaka nikaufunga kwa meno. Na pale upande wa magharibi, ng'ambo ya mkondo wa Pemba, ule mkondo wenye kina kikubwa uliotutenga na bara, nikaona msitari. Buluu juu ya buluu. Mwanzo nilidhani wingu. Lakini wingu linajongea, huu haujongei, na una mgongo, una mabega. Yule mzee alikuwa hajapanda, yuko chini, nikamuita kwa sauti nikamuonesha kwa kidole ijapokuwa yeye alipo haoni. Akajibu kutoka kule chini bila hata ya kugeuka, "Ile ya Mrima ile, huko bara. Usambara. Ikinyesha usiku huonekana asubuhi."

Zaidi ya kilomita mia moja ile. Nimeishi miaka 38 na milima ipo pale, na sikuwahi kuiona kwasababu sikuwahi kupanda pahala pa kuionea asubuhi baada ya mvua. Haikupita nusu saa, jua likapanda, ukaja utusitusi, ikafutika. Nikaandika usiku ule: 19.6, Kigomasha, nimeiona Usambara. Na chini yake nikaandika: niende.

Machi ilikuja Ramadhani, tarehe 12, na Ramadhani mie sikutembea, kilomita 41 za Machi ni za zile siku kumi na moja za mwanzo. Sikujilaumu. Baada ya Idi masika yakawa yameshika hasa, mvua za mwaka ule hamkuzisahau, mito imekula madaraja madogo, mabonde yamejaa. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, boti zikasimamishwa, sote tuko ndani tunasikiliza mapaa. Tarehe 11 Mei, Jumamosi, mbingu ikafunguka, na mie nikiwa nyuma ya hesabu kwa karibu kilomita mia moja nikatoka na pupa.

Niliteleza kwenye mteremko ambao nimeupita mara saba. Haukuwa mkubwa. Mguu wa kulia ulikwenda, wa kushoto ukabaki umenasa kwenye mzizi wa mwembe, nikasikia mlio ndani ya kifundo kama kuvunja kijiti kibichi. Nikakaa pale kwenye tope, baibui lote jekundu, nautizama mguu unavimba mbele ya macho yangu, na kitu nilichokifikiria wallahi kilikuwa ni namba, 270, nilikuwa nimefika 270. Mtoto wa dada yangu akanishika mkono, "Mamdogo, kaa usisimame," akakimbia. Walikuja vijana wanne wa shamba la jirani na kitanda cha kamba. Walinipandisha vilima viwili juu ya mabega yao, wenyewe wanateleza, hawakuniacha niguse chini hata mara moja. Mfupa ulikuwa mzima, mishipa ndo iliyovutika. Wiki sita.

Wiki sita zile nimezikaa kibarazani na daftari. Najua mtu anaweza kusema namba ndo iliyonivunja, na kweli nilitoka na pupa siku ile, hilo nalikubali. Lakini pia ni namba iliyonifanya nifanye mazoezi ya kifundo asubuhi na jioni bila kukosa, kusimama mguu mmoja mlangoni nimeshika fremu, mara thelathini, mara arubaini. Bila ya lile daftari ningesema basi, mwakani. Tarehe 22 Juni nikatoka tena, kilomita 4 tu, na bakora.

Mwisho wa Juni nilikuwa na 303. Miezi sita imebaki na 697 za kutafuta, karibu 27 kwa wiki. Somo yangu yeye alishapita 540. Aliniambia punguza, weka 700, hakuna atakayekucheka. Nikamwambia hapana, namba haipunguzwi, atakayefika atafika na atakayekosa atakosa.

Na hapo ndo ikaja miezi mizuri kuliko yote ya maisha yangu. Kipupwe. Kuanzia Julai kile kibaridi cha kusi kinakukuta bondeni asubuhi, jua halichomi mpaka saa nne, udongo umekauka umeshika mguu. Na karafuu zikaanza. Mtu asiyekuwa wa Pemba sijui nimuelezeaje, unatembea kilima baada ya kilima na hewa yenyewe ina ladha. Majamvi yameanikwa kila penye uwazi, kwenye nyua, kando ya barabara, karafuu zinaanza za kijani na wekundu, siku ya pili zimekuwa kahawia, siku ya tatu au ya nne zinalia ukizipitisha vidole. Wachumaji wako juu, humuoni mtu, unasikia mazungumzo kutoka mtini, na ngowe inayovuta tawi. Tawi la mkarafuu linakatika ghafla halitoi taarifa, kila mwaka tunazika au tunauguza mtu, kwa hiyo ukipita chini unasema Mungu awashushe salama, na wao wanaitikia amin kutoka majanini.

Nilikuwa napita kwenye shamba naambiwa mwalimu kaa uchambue kidogo. Nakaa. Kuchambua ni kushika kikonyo na kusokota kichala kwenye kiganja mpaka karafuu zitoke zibaki makonyo, na kiganja baada ya saa moja kinakuwa cheusi na kinawaka. Kilomita zinasimama, sawa, zisimame. Julai 112, Agosti 131, Septemba 124. Kwa wakati huo kijana wetu mguu wake umekuwa mrefu kuliko wangu, yeye ndo anayenisubiri juu ya vilima.

Oktoba nikaenda. Niliomba ruhusa ya siku mbili nikaziunganisha na sikukuu ya Nyerere ya tarehe 14, nikapanda meli mpaka Tanga, Tanga nikapanda basi la Muheza, Muheza gari ya kupanda Amani, Usambara ya mashariki, ile ile niliyoiona kutoka kwenye mnara. Njia ya mwisho ile gari inalia gia ya kwanza tu, na mie dirishani nahesabu mikunjo.

Amani Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, na leo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Nilipanga chumba usiku tatu. Siku ya kwanza nilishuka na muongozaji mpaka Sigi, kule chini ilikokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani, na nikapanda tena kurudi Amani penye mita kama 900. Kupanda kule ni kupanda kwa mfululizo, kitu ambacho mie sikuwa nacho, kilima cha Pemba kinakupa bonde upumzike, huu haukupi. Saa ya kwanza nilidhani nimemaliza nguvu. Muongozaji wangu, Msambaa mtu mzima, hakusema neno, alipunguza tu hatua zake mpaka zikawa ndogo kama za mtoto, mguu mbele ya mguu, na mie nikazifata, na hatua zile ndogo zikanifikisha. Kilomita 17 siku ile. Njiani kwenye miamba yenye unyevu alinionesha yale maua madogo ya zambarau ambayo leo yanauzwa kwenye vyungu Ulaya nzima na asili yake ni milima hii.

Halafu tukatokea kwenye shamba la mtu na nikasimama. Pua yangu ilijua kabla ya macho. Mikarafuu! Na iliki chini yake, na mdalasini, na pilipili manga imeparamia mti. Mama mmoja alikuwa uani na jamvi lake, nikampa salamu, nikamwambia mie natoka Pemba. Akaniita ndani ya ua kama nimeleta barua. Akanionesha karafuu zake, akaniuliza kwanini nyengine zinakuwa nyeupe nyeupe nyepesi, nikachukua moja nikamuonesha, hii dada yangu ulichelewa kuichuma, imeshafunguka ua, karafuu ichumwe kikonyo kinapoanza wekundu kabla ya kichwa kufunguka. Na hii nyengine ilikosa jua ikakaa na mvuke. Tukakaa tunachambua pamoja, yeye anasokota kwa kidole gumba, mie kwa kiganja. Muongozaji alikaa kwenye kigogo akangoja nusu saa nzima.

Siku ya pili nilipanda kilima cha Mbomole, alfajiri, nikitaka kitu kimoja tu: kuiona Pemba kutoka upande huu. Tulifika jua linachomoza. Chini ni msitu, halafu msitu tena, halafu tambarare za kuelekea Tanga zimelala kwenye ukungu mweupe, na bahari ikabaki nyuma ya ukungu. Haikunyesha usiku. Nikangoja mpaka saa tatu na nusu. Haikuonekana. Nilitizama tu ule upande wenyewe, mashariki, nikajua ipo, kama ilivyokuwa hii milima ipo miaka yote ile. Kilomita 10.

Novemba vuli ilinipunguza, 84. Disemba skuli zimefungwa nikatoka karibu siku moja kila mbili. Asubuhi ya tarehe 31 daftari linasema 981. Kumi na tisa zimebaki, njia nimeshaichagua, mtoto wa dada yangu ameshafunga viatu.

Mama akatoka chumbani amevaa. Ana miaka 69. Akasema leo nataka kwenda shamba kwa marehemu. Baba alifariki miaka mitano nyuma na tangu hapo mama hajakanyaga kule, tulikuwa tunamuita anasema ntakwenda, ntakwenda. Ni kilomita tatu kwenda, tatu kurudi, vilima vinne. Kwa hatua za mama ni siku nzima. Nilijua pale pale kwamba elfu imekwenda, na sikusema kitu, nikamchukulia bakora yangu ile ya Juni.

Tukaenda. Mama anapanda hatua kumi anasimama. Akisimama anazungumza. Kilima cha mwanzo akasema hapa tulikuwa tunapaita Tuamzigo, baba yako akipandisha gunia la karafuu hapa lazima alitue, kila mtu alilitua hapa, jiwe lile pale ndo la kutulia. Nimepita pale mwaka ule si chini ya mara ishirini na sikujua kama kina jina. Cha pili akasema hichi Kwa Bi Harusi, kulikuwa na harusi ilikamatwa na mvua hapa watu wakalala njiani. Cha tatu Pumzi Mbili. Cha nne hakina jina, akasema, hichi ni chetu wenyewe.

Shambani alikwenda moja kwa moja kwenye mkarafuu mmoja akaushika shina, akasimama nao. Sisi tukakaa mbali.

Tulirudi saa kumi na moja, mama miguu imevimba anacheka. Kijana akaniambia, mamdogo, bado jua lipo, tukimbie bandarini na kurudi, tufanye mara tatu, tutafika. Kutoka kwetu mpaka bandarini ni mteremko na ni kupanda kweli. Nikamwambia ile ni njia ya sokoni.

Somo alituma yake baada ya isha: 1,112. Nikamtumia yangu, na nikamtumia na mita za kupanda, 26,400, zaidi ya mara nne ya Kilimanjaro kutoka baharini. Halafu nikapiga picha ukurasa wa mwisho wa daftari nikamtumia na huo. Umeandikwa hivi: Jumanne 31/12. Na mama. Tuamzigo, Kwa Bi Harusi, Pumzi Mbili, na chetu. 6. Jumla 987.